Starehe, Mama

Joto la mwaka huu halina adabu. Linakukuta kitandani, linakusindikiza kazini, na ikifika alasiri linakaa nawe kwenye benchi kana kwamba limealikwa. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, na makopo hayo niliyamaliza mimi, maana mimi ni mchora mabango na hapa wananiita Brashi. Kulia kwangu hukaa Wakili, ambaye hajawahi kuvaa joho hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili ya kesi za watu mpaka akaamini yamemwingia kichwani. Mwisho wa benchi hukaa Dakika, fundi saa, aliyepata jina hilo kwa sababu ukimwita popote anajibu "dakika moja", na dakika yake hiyo inaweza kuitafuna alasiri nzima. Wa nne ni Birika, muuza kahawa, ambaye hakai kabisa. Anaegemea ukuta, maana anaamini muuzaji akikaa kahawa inapoa.

Msituonee huruma lakini. Joto lina raha zake kwa mtu asiye na makuu. Kuna ile ya kulowesha kitambaa cha mkono, ukakiweka shingoni, ukasikia maji yanateremka mgongoni polepole mpaka unafumba macho. Kuna ile ya kuvua viatu na kukanyaga saruji ambayo mwenye duka la dawa ametoka kuimwagia maji. Kuna kusogeza benchi kufuata kivuli, kazi tunayoifanya kwa ugomvi mkubwa, kwa sababu Wakili husimamia na wengine hubeba. Na kuna kahawa yenyewe, ya moto, inayokutoa jasho mpaka kijiupepo kidogo kikipita unakisikia mwili mzima. Watu wapita njia wanatuona wendawazimu, kunywa moto kwenye moto. Hawajui wanachokosa.

Ila raha kubwa kuliko zote ilikuwa ng'ambo ya barabara, na sisi tuliitazama tu. Pale palikuwa na duka la mshona mapazia, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, tuliyemwita Mama Mapazia. Duka lake lilikuwa na milango miwili iliyoelekeana, mmoja wa barabarani, mwingine wa uchochoro wa nyuma. Alasiri alifungua yote miwili, na ule upepo tuliokuwa tukiutafuta mtaa mzima ukawa unapita mle ndani bila kupiga hodi. Mapazia aliyoyatundika ya kuonesha wateja yalijaa, yakashuka, yakajaa tena. Sisi tumekaa tunatokota, tunatazama upepo wa jirani.

Na si kwamba alitunyima. Kila alasiri, akishafungua mlango wa nyuma, alisimama mlango wa mbele, mkasi mkononi, akatuita kwamba karibuni ndani, huku kuna upepo. Sisi sote kwa pamoja, bila hata kutazamana, tukajibu: asante mama, starehe. Yeye akarudi kwenye cherehani, sisi tukarudi kwenye ubishi. Miaka imekwenda hivyo. Kama ni adabu, basi tulikuwa na adabu mpaka ya kumwaga.

Msimu wa joto uliopita ndipo Dakika alipoharibu mambo. Yeye huzungumza kidogo, na siku hiyo alikuwa anapuliza kahawa yake huku anayatazama yale mapazia. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na jioni alikuwa harudi kwa mtu, anarudi kwa saa za watu zinazogonga kila moja na wakati wake. Akauliza kwa sauti ya chini:

— Na kama anamaanisha?

Wakili akaweka kikombe chini. Wakili akiweka kikombe chini ujue kesi imefunguliwa.

— Anamaanisha nini?

— Karibu. Kama kweli anataka tuingie.

— Dakika, karibu ni salamu. Mtu akikuuliza habari gani, unamweleza habari zako zote?

— Hapana.

— Basi. Umekaribishwa, umeshukuru, kesi imekwisha. Ili karibu iwe na nguvu lazima itamkwe mara tatu, kiti kioneshwe, na shahidi awepo.

— Kiti anakionesha.

— Kwa mkono au kwa kidevu?

Dakika alifikiri kwa haki kabisa.

— Kwa mkono. Ule wenye mkasi.

— Mkasi ni silaha, alisema Wakili. Karibu iliyotolewa kwa silaha haihesabiki.

Birika akajibanza vizuri ukutani na kutoa nadharia yake, ambayo alidai ameipata kwa kuzunguka milango ya watu na kahawa. Alisema karibu inategemea hali ya hewa. Wakati wa baridi mtu akikukaribisha, ingia bila wasiwasi, anautaka mwili wako upashe chumba. Wakati wa joto, kaa mbali.

— Mwili wa mtu ni jiko, alisema. Nani atakaribisha majiko manne dukani kwake alasiri kama hii?

— Wewe una majiko mawili, nilimwambia. Wewe na hilo birika.

Mimi nami sikutaka kubaki nyuma. Nikasema karibu ni kufuli. Watu huitamka ili usiingie. Umeshaheshimiwa, sasa nenda zako. Anayekutaka kweli hasemi karibu, anasema njoo. Mtoto wako humkaribishi, unamwambia njoo.

— Hata polisi husema njoo, alisema Birika. Naye anatupenda?

Wakili akasimama. Hapo tena hakuna wa kumzuia. Alituomba tufikirie siku moja ambayo karibu zote za mji huu zimekubaliwa kwa pamoja. Kila mtu ameingia kwa mwenzake. Nyumba zote zina wageni, hakuna hata moja yenye mwenyeji, wote wamekaa wanasubiri kuandaliwa. Ofisini hakuna mtu, sokoni hakuna mtu, walinzi wamekaribishwa, madereva wamekaribishwa.

— Serikali ingeanguka kabla jua halijazama, alisema. Kinachoishikilia nchi hii ni neno moja tu. Starehe.

— Lakini starehe ni raha, alisema Dakika. Tunamwambia yeye starehe, sisi tunabaki tunaungua.

Tulicheka mpaka Birika akamwaga kahawa. Tulicheka kwa sauti zetu zote, na barabara yenyewe si pana. Ng'ambo kule mlango ulikuwa wazi, mapazia yanajaa na kushuka, na cherehani ilikuwa imenyamaza kwa muda. Hakuna aliyelifikiria hilo wakati ule.

Siku chache baadaye Dakika alikuja na shati lililopigwa pasi. Hatukuuliza, ingawa pasi na Dakika ni vitu viwili visivyofahamiana. Alikaa mwisho wa benchi kama kawaida, akakataa kahawa, akaikunjua mikono yake juu ya magoti na kuikunja tena. Mama Mapazia alipotokeza kutukaribisha, sisi watatu tulikuwa tumeshafungua midomo, lakini Dakika alikuwa amekwisha kusimama. Akaanza kuvuka barabara. Alitembea kama anayebeba sinia la vikombe.

Mama Mapazia alimwona. Akaingiza mkono ndani, akavuta kiti kwa egemeo lake, akakiweka pale pale mapazia yanapopepea.

Dakika alikuwa katikati ya barabara Wakili alipoita kwa ile sauti ya karani wa mahakama:

— Wote, simameni!

Hata mwenye duka la dawa alitoka nje. Mimi na Birika tulikuwa tumeshikana mabega kwa kicheko. Dakika akasimama. Akapeleka mkono kwenye paji la uso, akaushikilia hapo, kisha akageuka taratibu, akapita mbele ya duka la mapazia na kuingia duka la dawa la jirani. Alitoka na vidonge vya kichwa.

Mama Mapazia bado alikuwa ameshika kile kiti. Akamwambia pole na kichwa, baba. Dakika akajibu bila kunyanyua macho kwamba asante mama, starehe. Akarudi akakaa, akapasua pakiti na kumeza kidonge kimoja kwa kahawa ya Birika, ili uongo wake ukamilike. Hakuwa anaumwa popote. Tangu siku hiyo hakulizungumzia tena, nasi tukaona tumemwokoa na aibu.

Mwaka huu joto lilipoanza, duka halikufunguliwa. Tukapata kazi ya kubishana. Birika alisema amekwenda kununua vitambaa. Wakili alisema kuna shauri baina yake na mwenye jengo, na kwamba shauri kama hilo huchukua muda. Mimi nilisema amechoka na wateja wanaopima madirisha kwa mikono na kudai pazia limekuwa fupi. Ila tulipokuwa tunasogeza benchi kufuata kivuli, Dakika kila mara alikaa upande unaotazama ule mlango, hata kama jua lilikuwa linampiga mguu mmoja.

Leo ulifunguliwa.

Gari dogo la mizigo lilisimama mbele, akashuka mwanamke wa makamo ya binti zetu wakubwa, kitambaa kichwani, ufunguo mkononi. Yeye na dereva wakaanza kutoa vitu. Mapazia yalitoka yamekunjwa, yakaingia garini. Ikatoka meza ya kukatia. Ikatoka cherehani, imefunikwa shuka, wameibeba kwa uangalifu kama mgonjwa. Sisi tumekaa tumenyoosha shingo. Birika alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Alipomaliza kupakia alifuta uso, akavuka mpaka kwetu na kutuamkia. Tukamwitikia. Wakili akamuuliza, kwa heshima ya kiofisi, kama mama yupo salama.

— Yupo, baba. Mimi ni binti wa kaka yake. Macho yamemkataa, hata kutunga uzi kwenye sindano hawezi tena. Nimemchukua anakaa kwangu.

— Ni mbali?

— Safari ya siku nzima. Hapa harudi tena.

Tukasema pole, na tukasema afadhali yupo na watu wake, na maneno mengine ambayo mtu huyasema. Nilidhani atatuaga. Badala yake alitutazama mmoja mmoja, halafu akaanza kutabasamu kama anayekutana na ndugu aliowajua kwenye picha. Alimwangalia Birika aliyeegemea ukuta. Akamwambia yeye lazima ndiye asiyekaa. Akamgeukia Wakili.

— Na wewe ndiye uliyesema karibu ya mkono wenye mkasi haihesabiki.

Wakili akarekebisha kofia yake.

— Hiyo ametusimulia mpaka wanangu wanaijua. Na ile ya serikali kuanguka. Kila jioni anatueleza habari za wageni wake. Anasema dukani alasiri hakukosa watu, walikuwepo wanne, wabishi, wanachekesha, upepo ukipita wanakunywa kahawa. Tunamuuliza, shangazi, huku hujachoka kukaa peke yako mchana? Anasema mimi nilizoea wageni.

Natafuta neno la kueleza nilivyojisikia na silipati, kwa hiyo nitasema tu niliona haya. Si haya ya kufumaniwa na kosa. Ni ile ya kugundua kwamba mtu alikuhesabu kuwa wake, na wewe hukuwa hata na habari. Alikuwa anasikia kila kitu. Alipokuwa anasikia, alikuwa anatuketisha.

Yule binti akaendelea, akasema vitu vyote amepakia isipokuwa viti vinne. Shangazi yake alimkataza kabisa kuvigusa. Alimwambia vile si vya duka, vina wenyewe, na wenyewe wako hapo nje kwenye benchi.

— Kwa hiyo kila mmoja achukue chake. Karibuni ndani.

— Asante, starehe, tulisema.

Naapa ilitoka yenyewe. Wakili, Birika na mimi, midomo mitatu kwa mpigo mmoja, kama tulivyofanya miaka yote. Yule binti akatutazama bila kuelewa. Birika alifumba macho. Wakili akaangalia kikombe chake kana kwamba ndicho kilichosema.

Dakika akaweka kikombe chini, akasimama, akavuka barabara. Hakuwa na shati la pasi leo, alikuwa na lile lenye doa la mafuta ya saa. Hakuna aliyeita. Alipofika katikati, hapo alipogeukia siku ile, nilimwombea kimoyomoyo asisimame, na hakusimama. Nasi tukanyanyuka, tukamfuata, hata Birika, ambaye aliliacha birika lake juu ya benchi peke yake, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Ndani mlikuwa na joto kuliko nje. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo, ufunguo wake umeshapelekwa kwa mwenye jengo. Ukutani zilibaki ndoano tupu, na sakafuni alama nne za miguu ya cherehani. Katikati, kwenye njia ile ile ya upepo kutoka mlango hadi mlango, viti vinne vimepangwa. Kila kimoja kina mto wake wa kukalia, umeshonwa kwa mabaki ya pazia: mmoja wa buluu, mmoja wa mistari, mmoja wa maua madogo, mmoja wa kahawia. Mito ilikuwa imejaa na kutuna vizuri. Haikuwa na alama ya mtu hata mmoja.

Nikakitazama kiti cha nne. Alimwekea kiti hata yule asiyekaa.

— Haya, alisema yule binti. Kipi cha nani?

Mtu asiyetujua angedhani swali hilo ni jepesi. Birika aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia ndoano. Wakili, ambaye sijawahi kumwona akikosa hoja, akavua kofia. Binti akasubiri, akatutazama sisi, akaitazama ile mito. Niliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesoma maandishi kwa mbali na sasa yamemkaribia. Hakurudia swali. Nilimshukuru kwa hilo.

Dakika ndiye aliyesogea. Alikipita cha kwanza, akakipita cha pili, akaketi kwenye kile cha maua madogo. Aliketi taratibu, mgongo wima, mikono juu ya magoti, akautazama mlango wa nyuma uliofungwa. Jasho lilikuwa linamtiririka mashavuni. Alikaa hivyo kama mtu anayepepewa.

Yule binti akainama kidogo mbele yake.

— Wewe ndiye Dakika?

— Ndiye mimi.

— Shangazi amenipa swali moja, akaniambia nisirudi bila jibu lake. Anasema tangu siku ile ulipopita hapa umeshika paji, hakuwahi kupata nafasi ya kukuuliza. Kichwa kilipona?

Nyuma yangu nilisikia Wakili akivuta pumzi. Dakika alinyanyua mkono, akaupeleka pale pale kwenye paji la uso, akaushikilia.

— Bado, mwanangu, alisema. Mwambie bado.